Mizani ya Mariakani hupima mzigo, breki zipimwe langoni

Mhariri,

Lori la kontena likitoka Mombasa hupimwa uzito Mariakani, na likizidisha mzigo haliendi popote. Ni jambo jema, na barabara inalihitaji. Ila mizani ile haipimi breki. Haiangalii kama kontena limefungwa sawasawa kwenye trela, wala haimwulizi dereva alilala lini mara ya mwisho. Na kabla ya kuifikia, lori limeshapita Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini, katikati ya wauza mahamri, bodaboda na watoto wa shule, likapanda Mazeras. Kama lilikuwa na kasoro, kasoro hiyo imeshapita kwa watu. Kule Londiani, tarehe 30 Juni 2023, tuliona lori moja la kontena linavyoweza kuifanyia sehemu ya biashara kando ya barabara: watu zaidi ya 50 walifariki.

Tangu rasimu ya kanuni mpya za magari ya biashara ilipotolewa mwaka 2025 ili wananchi watoe maoni, mazungumzo yamekuwa juu ya faini, vidhibiti mwendo na vizuizi vya trafiki. Hayo yote hutokea lori likiwa tayari barabarani. Mimi naona lori huwa salama au hatari likiwa bado ndani ya yadi, na wa kuulizwa kwanza ni wale wanaolifungulia lango: mwenye lori, msimamizi wa yadi, karani anayeandika karatasi za safari. Dereva peke yake hana nguvu hiyo. Akikataa kutoka na lori bovu, nje wapo wenzake wanaosubiri ufunguo huo huo, na kila mtu pale yadini analijua hilo.

Nianze na breki, maana ndipo penye kudanganyana kwingi.

Lori kubwa husimama kwa nguvu ya upepo. Kompresa hujaza matangi. Dereva akikanyaga pedali, upepo huenda kwenye chemba iliyo karibu na kila gurudumu, chemba husukuma fimbo, fimbo huzungusha slaki (mkono wa chuma ulioshikana nayo), slaki huzungusha kemu (chuma chenye ncha ya kutanulia), na kemu hutanua shuu mpaka zibane drami, ile ngoma inayozunguka na gurudumu. Handibreki hufanya kinyume: ni springi nzito inayobana muda wote, na upepo ndio unaoizuia. Ndiyo maana upepo ukiisha kabisa lori hujifunga lenyewe. Wengi hujipa moyo kwa hilo, wakidhani breki za upepo haziwezi kumtupa dereva. Zinaweza, tena matangi yakiwa yamejaa tele.

Kinachotokea ni hiki. Fimbo ya chemba ina mwendo wenye kikomo. Kwenye chemba ya aina ya 30, inayotumika sana kwenye ekseli za nyuma na za trela, fimbo hutoka milimita 64 hivi kisha inagota. Lainingi zilizobandikwa kwenye shuu zikilika na slaki isikazwe, fimbo hulazimika kutoka mbali zaidi kabla shuu haijagusa drami. Kikomo cha kuliruhusu lori litoke ni milimita 51. Sasa chukua trela ambayo fimbo zake hutoka 55 likiwa limepoa yadini. Dereva akikanyaga linasimama, na kila mtu anaridhika. Likiwa linateremka Mazeras kuja mjini na tani 50, drami hupata moto, na chuma kikipata moto hutanuka, kwa hivyo drami huikimbia shuu. Zile 55 huwa 60, kisha 64, fimbo inagota, na kuanzia hapo hata dereva akanyage kwa miguu miwili hakuna kinachoongezeka. Hakuna paipu lililopasuka wala upepo uliovuja. Kesho yake tunasoma kwamba breki zilikatika, ilhali lori lilitoka langoni na breki hizo hizo na kuna mtu alilipungia mkono.

Kupima hakuhitaji mashine. Lori likae mahali tambarare, magurudumu yatiwe kabari, matangi yajazwe hadi msukumo wa upepo ufike bar 6 au 7, injini izimwe, handibreki iachiliwe. Fundi anaweka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Mwenzake anakanyaga pedali hadi mwisho na kuishikilia. Fundi anapima kwa rula alama imesogea kiasi gani. Hivyo hivyo kila gurudumu, la kichwa kinachovuta na la trela inayovutwa. Ikipita milimita 51 kwenye chemba ya 30, au 44 kwenye chemba ya 24, lori halitoki. Namba ya aina kwa kawaida imeandikwa kwenye chemba yenyewe. Tena kulia na kushoto kwa ekseli moja zisiachane sana, maana lori litavuta upande mmoja dereva akifunga breki ghafla, na kwenye lami yenye maji trela inaweza kukunjika.

Slaki ya kukaza kwa mkono hukazwa mpaka shuu iguse drami, halafu hurudishwa robo hadi nusu duru. Hiyo mafundi wanaijua. Tatizo liko kwenye slaki zinazojikaza zenyewe. Hizo hazitakiwi kuguswa kwa spana kila asubuhi. Ikiwa imelegea, ujue kuna kitu kingine kibovu: bushi ya kemu imelika, pini imekwisha, au slaki yenyewe imekufa ndani. Kuikaza kwa mkono huficha ugonjwa siku mbili tatu tu, kisha inarudi pale pale, safari hii lori likiwa njiani kule Taru. Kosa hili hufanywa hata na mafundi hodari, kwa sababu anayelitaka lori amesimama nyuma yao na simu sikioni.

Baada ya fimbo, upepo wenyewe. Injini ingurume mpaka matangi yajae na ile sauti ya kutema upepo isikike, geji iwe kwenye bar 8 hivi, au psi 120 kwa geji za Kimarekani. Zima injini, kabari zikiwa mahali pake, achilia handibreki, kanyaga pedali uishikilie dakika nzima. Kwa kichwa chenye trela mshale usishuke zaidi ya psi 4, yaani kama robo ya bar. Ukishuka zaidi kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye mipira inayounganisha kichwa na trela au kwenye ngozi ya chemba. Povu la sabuni litakuonyesha. Halafu kanyaga na kuachia mara nyingi upepo upungue: kengele au taa ya onyo iwake kabla mshale haujafika bar 4, na handibreki ijifunge yenyewe kati ya psi 45 na 20. Taa isipowaka, msiseme ni balbu tu. Dereva wa usiku, macho yakiwa barabarani, huitegemea hiyo kujua kwamba upepo unamwishia.

Hapa pwani kuna jambo la ziada. Hewa yetu ni ya majimaji, na kompresa huvuta maji hayo na kuyatupa ndani ya matangi. Matangi yasipofunguliwa chini na kumwagwa kila siku, maji huchukua nafasi ya upepo, huozesha vali na hulainisha uchafu unaoziba njia. Tangi la kwanza kutoka kwenye kompresa ndilo hubeba maji mengi, kwa hivyo lianze hilo. Maji yakitoka na mafuta meusi, ringi za kompresa zimechoka. Dakika tano za utingo zinatosha kwa kazi hii nzima.

Dereva naye ana sehemu yake mteremkoni. Gia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka, breki ya injini iwashwe, na breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu mara moja ili mwendo upungue kilomita kumi hivi, kisha iachiliwe drami zipumue, halafu tena. Kuweka mguu juu ya pedali kuanzia juu hadi chini ndiko kunakozichoma. Na wale wanaoteremka kwa fri, gia ikiwa imetolewa, wakidhani wanaokoa dizeli, wanajidanganya mara mbili: injini za sasa likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta hukata dizeli kabisa, lakini kwenye fri lazima ziendelee kuchoma ili zisizime. Kwa hiyo anapoteza dizeli pamoja na breki ya injini.

La pili ni kontena. Tangu Septemba 2022, shughuli za kutoa mizigo ziliporejeshwa hapa, makontena yanapita mjini kwa wingi kati ya bandari na yadi za CFS, zile yadi za makontena zilizo nje ya bandari, na safari hizo fupi ndizo zinazofanywa kwa uzembe zaidi. Kontena hushikwa na loki kwenye pembe nne. Loki huingia kwenye tundu la pembe ya kontena, mkono wake unazungushwa, kichwa kinakaa mkingamo na hakitoki tena. Zote nne. Loki mbili za mshazari hazitoshi, na kamba ya mkonge au waya si loki. Chumvi ya bahari huzifanya zishike kutu, mkono hauzunguki, basi mtu anaiacha wazi na kusema kontena ni zito, litakaa lenyewe.

Halikai. Chukua kona ambayo duara lake, kutoka katikati hadi njia ya lori, ni mita 30. Lori likipita kwa kilomita 25 kwa saa, nguvu inayolisukuma nje ni kama asilimia 16 ya uzito wake. Kwa kilomita 40 inapita asilimia 40. Mwendo haukuongezeka hata maradufu, lakini msukumo umezidi mara mbili na nusu. Lori lililobeba kontena refu lenye mzigo juu huanza kulala kati ya asilimia 35 na 40. Kontena likiwa limefungwa, hubaki na trela, na dereva anaweza bado kuwahi kupunguza mwendo. Likiwa halijafungwa, kontena huondoka peke yake na kumwangukia aliye kando, mara nyingi tuktuk au bodaboda.

Kontena tupu ndilo linalodharauliwa kabisa. La futi 40 lina uzito wa karibu tani 4 tu na ubavu mpana kama ukuta, kwa hivyo upepo wa kusi ukivuma darajani Makupa, au matuta yakipitwa kwa kasi, huruka kwa urahisi kuliko lililojaa. Sijui ni nani aliyewafundisha madereva wetu kwamba tupu halifungwi.

Mahali pa kuliweka pia pana hesabu yake. Kwa lori la ekseli sita, sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye mbili za kichwa, 24 kwenye tatu za trela, jumla 50. Kontena zito la futi 20 likiwekwa mbele kabisa ya trela ya futi 40 huelemea ekseli za kichwa hata kama jumla haijafika 50. Likiwekwa nyuma kabisa, huondoa uzito kwenye magurudumu yanayovuta, na kichwa kinateleza kwenye mlima wenye mvua. Katikati ndiko kwake, na loki za katikati ziwe zipo. Kilichomo ndani ni shida nyingine, kwa sababu kontena lina sili na dereva haruhusiwi kulifungua. Lakini anaweza kusimama nyuma ya trela hatua kumi akaangalia kama limelalia upande, na akalinganisha springi za kulia na kushoto. Tangu Julai 2016 kila kontena la kupakiwa melini linatakiwa liwe na uzito uliothibitishwa. Kwa yanayoingia, karani aombe karatasi ya uzito na ampe dereva nakala, si kumwambia kwa mdomo kwamba mzigo ni mwepesi.

Na kabla hatujaliacha trela: likiunganishwa na kichwa, mtu apige tochi chini aone kama taya za kichwa zimebana shingo ya kingpini, ile pini nene iliyo chini ya trela, mkono wa kufungia umeingia wote, na hakuna mwanya kati ya sahani ya kichwa na ya trela. Kisha dereva afunge breki za trela na avute mbele taratibu kwa gia ya kwanza. Kichwa kisipoachana na trela, imeshika.

Sasa saa za kazi, ambapo sheria tuliyo nayo inatosha kabisa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Lori lililojaa, ukihesabu mlima wa Mazeras, foleni ya mizani na msongamano wa Mlolongo, likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa limefanya vizuri. Hiyo ni saa 9 na nusu. Kwa maneno mengine, karani anayemwambia dereva mmoja "kesho asubuhi uwe Nairobi" amepanga uvunjaji wa sheria kabla injini haijawashwa, na hakuna trafiki atakayemkamata yeye.

Tena sheria huhesabu saa za kuendesha, mwili unahesabu saa za kukaa macho. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri kupanga foleni bandarini, akapakiwa na kutoka saa kumi na moja jioni, ameshakaa macho saa 13 kabla hajafika Miritini. Akienda moja kwa moja, saa saba usiku yuko karibu na Salama, akiwa macho kwa saa 21. Wataalamu wa usingizi walishaonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia polepole kama aliyekunywa pombe. Kwa kilomita 80 kwa saa lori hukata mita 22 kila sekunde, kwa hivyo kusinzia sekunde tatu ni mita 66 bila dereva. Muguka, yale majani ya kutafuna, huyafungua macho, lakini hauirudishi ile akili ya kuamua haraka, na ukiisha nguvu usingizi humwangukia mtu kwa pamoja. Kahawa ni afadhali, ila nayo hukopesha tu.

Njia ni mbili. Ama lori litoke mapema, lilale Mtito Andei, karibu nusu ya safari, dereva apewe pesa ya kulala na mahali palipo na mlinzi ili asikeshe akilinda dizeli. Ama dereva wa pili alipokee pale pale akiwa amelala. Zote zina gharama, ndiyo. Wenye malori watasema tozo za kuchelewesha makontena za kampuni za meli zinawabana, na wanalipa kwa tripu kwa sababu wateja nao wanawalipa kwa tripu. Ni kweli. Basi muda wa kulala uandikwe kwenye mkataba wa kubeba mzigo na mteja aulipie, badala ya kumkata dereva kwenye mileji, yaani posho yake ya safari, akichelewa.

Tairi nitazipitia haraka maana wengi wanazijua. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa geji. Kulipiga kwa nyundo hukuonyesha lililokwisha kabisa tu, wala halikwambii lipi lina psi 70 badala ya 110 au 120. Kwenye tairi pacha, moja likipungua mwenzake hubeba yote, zinasuguana, zinapata moto, na moto wa tairi hauzimwi kwa chupa ya maji. Tairi la kuvishwa mpira upya lisiwekwe mbele kwenye usukani. Gurudumu likifunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa hivyo ukifika Samburu au Taru simama. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kama machozi ni dalili kwamba imelegea.

Lori likiharibika njiani, pembetatu mbili ziwekwe, moja nyuma na moja mbele, si chini ya mita 50 kutoka kwenye lori, na kwenye kona au mlima nyuma iongezwe mpaka anayekuja aione kabla ya kona. Matawi ya miti hayang'ai usiku. Mawe yaliyozuia magurudumu yaondolewe lori likiondoka. Mangapi yameachwa katikati ya njia na kumwangusha mwenye pikipiki asiyejua lolote? Riflekta za nyuma zipanguswe kabla ya giza, kwa sababu vumbi la Mariakani likichanganyika na mafuta ya dizeli huzifanya zisionekane kabisa, na gari dogo linalogonga trela kwa nyuma huingia chini yake hadi kwenye kioo.

Wenye matatu na bodaboda nao wana la kujua. Lori lililojaa, breki nzuri, lami kavu, mwendo wa 80, linahitaji zaidi ya mita 100 kusimama. Anayeliingilia mbele akiwa na mita 20 na kufunga breki amemnyang'anya dereva kila alichokuwa nacho. Lori likipinda, trela halifuati njia ya kichwa, hukata kwa ndani. Kwa hivyo bodaboda aliyejipenyeza ubavuni kushoto kwenye makutano yuko mahali ambapo magurudumu ya trela yanakwenda kupita, na dereva hamwoni.

Malori ya mafuta yanayotoka Shimanzi na Kipevu yana masharti yao, sitayarudia yote. Nitasema moja tu kwa wakazi. Ukiona bango la rangi ya machungwa lenye 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. 1202 ni dizeli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye mitaro, mbali na lori lenyewe, na pikipiki inayopita huko inaweza kuuwasha. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa pale watu walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Lori la mafuta likianguka, kazi ya kwanza ni kuwasogeza watu upande upepo unakotoka, kisha kumpigia simu mzima moto. Kuliinua huja mwisho.

Nirudi langoni. Napendekeza karatasi moja, kurasa mbili, kwa kila lori linalotoka na mzigo. Iandikwe namba ya kichwa na ya trela. Kipimo cha fimbo kwa kila gurudumu kwa milimita, si alama ya vema. Matokeo ya dakika moja ya upepo. Loki nne, moja moja. Psi ya kila tairi. Saa dereva alipoamka na saa alipolala kabla ya hapo. Saa ya kutoka. Na mahali pa kulala. Pa kuandika "sawa" pasiwepo. Fundi atie sahihi kwa breki, msimamizi kwa saa, dereva kwa yote. Karani wa lango la CFS asiinue kizuizi kama loki moja imepungua, hata kama foleni imefika barabarani. Kampuni za bima ziitake karatasi hiyo kabla ya kulipa. Nakala moja ibaki yadini mwaka mzima, nyingine iende na lori, na polisi wakifika kwenye ajali waiombe hiyo kwanza, kabla ya leseni ya dereva, kisha wamwite kila aliyetia sahihi.

Mkufunzi wa madereva wa malori,
Changamwe, Mombasa